Kuhifadhi na Kupima Planktoni za Ziwani

Dagaa wa Ziwa Victoria huishi kwa kula planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Somo la viumbe hivi huhitaji hadubini. Lakini huhitaji pia jambo jingine, ambalo sisi tulijifunza kwa hasara.

Siku moja tuliteka maji ziwani pamoja na wanachuo wetu, tukayaacha chupani hadi kesho yake. Usiku ule viumbe vililana, vikafa na kuoza. Wanachuo walihesabu kwa bidii mabaki yaliyosalia, nasi tukalazimika kukiri mbele yao kwamba hesabu zile zilikuwa za chupa, si za ziwa.

Kuhifadhi
1. Papo hapo ziwani, dondoshea katika maji myeyusho wa iodini na potasiamu iodidi, ule tunaotumia kupimia wanga, mpaka yapate rangi ya chai hafifu. Mwalimu ndiye ashike dawa hiyo, si watoto.
2. Bandika karatasi yenye mahali, tarehe, saa na dawa iliyotumika.
3. Weka chupa gizani, kwani mwanga huidhoofisha iodini. Rangi ikififia, ongeza matone.
4. Iodini huviongezea viumbe uzito. Acha chupa itulie siku nzima ili vizame, kisha vuta tone kutoka chini.

Kupima
Weka rula angavu chini ya hadubini, ukuzaji ukiwa mara 40. Tuseme duara linaloonekana lina upana wa milimita 4.5. Katika ukuzaji wa mara 400, upana huo utakuwa milimita 0.45, yaani mikromita 450. Kiumbe kinachochukua sehemu moja ya tisa ya upana huo kina urefu wa mikromita 50.

Tahadhari
Iodini hunyweesha seli nyingi na kuzigeuza rangi kuwa ya kahawia. Kwa hiyo andika kwamba umepima kiumbe kilichohifadhiwa. Na siku ile ile ya kuteka maji, tazama pia tone lisilotiwa dawa, ili wanafunzi waone rangi na mwendo wa viumbe hai.

Tuwazoeze watoto kuuliza, kabla ya kuamini kipimo chochote: kilipatikanaje?

Zoezi
Kiumbe kimechukua theluthi moja ya duara la mikromita 450. Urefu wake ni nini?