Kano Isiyokuwapo Kigashani

SUALI: Bwana Daktari, mimi ni seremala. Nikikunja kifundo cha mkono wa kulia huinuka mshipa katikati ya kigasha, lakini mkono wa kushoto hauna kitu. Je, ni maradhi?

JAWABU: La, ndugu yangu, si maradhi. Hicho ulichokiita mshipa, kwa kuwa lugha yetu imezoea kuvipa jina hilo moja mrija wa damu, neva na kano, ni kano ya msuli mwembamba uitwao palmarisi longasi, utokao upande wa ndani wa kisugudi ukaishia kitangani. Na msuli huo Mwenyezi Mungu hakuwajaalia waja wake wote, kwani wako wenye nao mikono yote miwili, wako wenye mmoja tu kama wewe, na wako wasio nao kabisa, wala nguvu ya kushika randa haipungui kwa kadiri ya kutajika, maana misuli jirani huifanya kazi yake. Atakaye kuhakikisha na agusanishe gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kifundo kidogo: kano ikiwapo itachomoza.

Ajabu ni kwamba kitu hiki tuwezacho kukikosa bila hasara, wapasuaji hukithamini mno kwa kuungia viungo vingine; mathalani mwaka 1974, huko Los Angeles, Dk. Frank Jobe alitwaa kano hii katika kigasha cha kulia cha Tommy John, mchezaji wa besiboli, akaitumia kujenga upya ligamenti iliyochanika ya kisugudi chake cha kushoto, naye akacheza hadi 1989.

Lakini chini ya kano hiyo hupita neva ya kati, nyeupe na ndefu vilevile, na imepata kutokea, mahali kano isipokuwapo, neva ikakatwa kwa kudhaniwa kuwa ndiyo kano, mgonjwa akapoteza hisi za vidole. Msiba huo huzuiwa na jaribio lile la vidole, la dakika moja, kabla ya kisu, nami naliona kuwa ni faradhi. Wako pia ambao nyama ya msuli huu imekaa chini, karibu na kifundo, ikaweza kuibana neva.

Basi endelea na kazi yako. Ila gumba, shahada na kidole cha kati vikifa ganzi, hasa usiku, nenda hospitali, na siku utakapopasuliwa mkono, mwambie daktari mapema haya uliyoniandikia.