Wasia au hiba? Tujue tunachokisema

Ndugu zangu Waislamu, leo nazungumzia neno moja nililoliandika mwenyewe bila kulijua.

Mwaka 2019 mzee mmoja, jirani yangu hapa Kariakoo, aliniita nimwandikie karatasi. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, na binti yake ndiye aliyekuwa akimuuguza. Watoto wawili wa kiume walikuwa na miji yao. Mzee akasema: “Andika kwamba nyumba hii nimemuwasia binti yangu.” Nikaandika hivyo hivyo, na mashahidi wawili wakatia saini.

Mzee alifariki mwaka 2022. Kikaoni sheikh akaisoma karatasi na kuirudisha mezani. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mrithi hafanyiwi wasia, isipokuwa warithi wenzake wakiridhia. Kaka zake hawakuridhia. Nyumba ikahesabiwa mafungu matano, kila kijana mawili, binti moja.

Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu cha barazani kinaliita wasia kila neno la mzee. Harusini tunawapa maharusi wasia, yaani nasaha. Kwenye sheria wasia ni kitu kingine kabisa: ni mali anayoiacha mtu itolewe baada ya kufa kwake, kwa asiyekuwa mrithi, na isizidi theluthi. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua alitaka kutoa zaidi, Mtume akamruhusu theluthi, tena akasema hiyo nayo ni nyingi. Kwa hiyo sentensi sahihi ni: “Nikifa, theluthi ya mali yangu ipewe madrasa.”

Hiba nayo tumeifanya kuwa zawadi ya kumbukumbu tu. Kumbe ni kutoa mali ukiwa hai, mwenzako akakubali na ukamkabidhi: “Shamba hili nimekupa leo, na hati hii hapa.” Ukisema “nimekupa, utalichukua nikifa,” umerudi kwenye wasia. Na ukiitoa ukiwa katika maradhi ya mauti, inahukumiwa kama wasia vile vile.

Sisemi kwamba mzee angeandika hiba basi mambo yangekwisha. Mtume alikataa kumshuhudilia Bashir alipompa mwanawe Nuuman peke yake, na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mzazi mwenye sababu ya kumzidishia mtoto mmoja. Lakini lau angelijua neno, angekwenda kwa sheikh akiwa hai na vijana wake angewaita wakae mbele yake. Mimi nilimfungia mlango huo kwa kalamu.

Kuna na hili la “mirathi”. Kaka mkubwa alipoteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, alirudi mtaani akitangaza: “Mirathi nimepewa mimi.” Wapangaji wakaanza kumpelekea kodi yote. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Fungu lake halikuongezeka hata senti kwa barua ile. Ilibidi sheikh amwambie mbele ya watu aseme “nasimamia”, asiseme “nimepewa”, na kodi ya miezi minne ikarudishwa.

Juzi yule binti alinijia na karatasi yangu, akauliza kama neno lile moja linaweza kubadilishwa. Nikamwambia mwenye haki ya kulibadilisha tulimzika Kisutu.