Mafunzo Niliyopata Katika Nafasi za Banach

Wanafunzi wanaoingia kwenye uchambuzi wa fanksheni huniuliza waanzie wapi. Nimekaa na somo hili muda mrefu, nikilisoma, nikilifundisha na kulifanyia utafiti. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Anza na namba, fasili ya kitabuni itakuja baadaye

Chukua 1. Gawanya 2 kwa namba hiyo, jumlisha jibu na namba yenyewe, kisha gawanya kwa 2. Unapata 3/2. Rudia, upate 17/12. Rudia tena, upate 577/408. Hii ya mwisho ukiizidisha kwa yenyewe inatoa 2 na ziada ya 1/166464 tu. Namba hizi zinazidi kusogeleana, na kwa kila dalili kuna mahali zinakwenda. Lakini zote ni sehemu, na hakuna sehemu ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata 2 kamili. Kwa hiyo, ukibaki ndani ya sehemu peke yake, mfuatano huu unaelekea mahali pasipokuwapo.

Nafasi huitwa kamili pale ambapo kila mfuatano unaosogeleana namna hii una pa kufikia, humo humo ndani. Nafasi ya vekta ikiwa na nomu, yaani kanuni ya kupima urefu wa kila vekta, na ikawa kamili kwa kipimo hicho, basi ni nafasi ya Banach. Mwanafunzi akishazifanya hesabu hizo tatu kwa mkono wake, haniulizi tena ukamilifu una faida gani.

2. Ukamilifu unakuhakikishia jibu ambalo hujaliona

Weka kikokotoo kwenye radiani, andika 1, halafu bonyeza kosaini mfululizo. Kwanza 0.5403, kisha 0.8576, kisha 0.6543, inayumba juu na chini, inatulia, na mwisho inaganda kwenye 0.739085. Kati ya 0 na 1, kosaini inaufupisha umbali wa namba zozote mbili: umbali mpya hauzidi asilimia 85 ya ule wa awali. Stefan Banach alionyesha katika tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1922, kwamba palipo na ufupishaji wa aina hii ndani ya nafasi kamili, lazima pawepo nukta moja isiyosogea, na ni moja tu. Weka fanksheni mahali pa namba, na hoja hiyohiyo inathibitisha kwamba milinganyo mingi ya mabadiliko ina suluhisho. Kila ninapoifundisha bado inanisisimua.

3. Macho yaliyozoea chumba yanapotosha

Katika nafasi ya mifuatano iitwayo ℓ², vekta zenye 1 mahali pamoja na 0 kwingine kote zina urefu wa 1, na kila mbili zimeachana kwa kipeuo cha pili cha 2. Ni nyingi bila mwisho, zote zimo ndani ya mpira mmoja, wala hazisongamani popote. Chora picha, lakini usiiamini.

4. Swali lililoandikwa vizuri huishi muda mrefu kuliko mwenye kuliuliza

Mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, ulikuwa wa Poland kati ya vita kuu mbili za dunia. Banach, Stanisław Mazur, Stanisław Ulam na wenzao walikutana humo katika mkahawa ulioitwa wa Kiskoti, wakibishana na kuandika kwa penseli juu ya meza za marumaru. Meza zilipofutwa, hoja zilikwenda na kitambaa. Mwaka 1935 Łucja, mke wa Banach, akanunua daftari nene, likawa linatunzwa palepale mkahawani. Mtu akiwa na swali analiandika humo, pengine pamoja na zawadi.

Novemba 1936 Mazur aliandika swali namba 153 na kuahidi bata bukini hai. Kiini chake kilikuja kuonekana kuwa hiki: je, katika kila nafasi ya Banach opereta kompakti (fanksheni za mstari zinazougeuza mpira kuwa seti ambamo nukta nyingi bila mwisho lazima zisongamane mahali) zinaweza kukaribiwa na opereta zenye matokeo ya dimensheni zenye kikomo? Vita ya Pili ya Dunia ikaja. Wakati Wajerumani wameukalia mji, Banach aliponea katika taasisi ya Rudolf Weigl, akinyonywa damu na chawa waliofugwa kwa ajili ya chanjo ya homa ya tifasi. Alifariki Agosti 1945, jibu halijapatikana. Mwaka 1972 Per Enflo wa Sweden akajenga nafasi ambamo jibu ni hapana, na Mazur mwenyewe akamkabidhi bata wake mjini Warszawa.

Ndiyo maana nasisitiza daftari la maswali. La majibu linaweza kusubiri.

5. Heshimu mifano kinzani

Utafiti wetu umesonga mbele kwa kujenga nafasi za ajabu. Boris Tsirelson, mwaka 1974, alitoa isiyo na nakala ya ℓp wala c₀, nafasi za kawaida za mifuatano, ndani yake. Mwaka 1993 Timothy Gowers na Bernard Maurey wakachapisha nyingine isiyogawanyika vipande viwili vya dimensheni zisizo na mwisho, hata ukichukua nafasi ndogo yoyote iliyo kamili ndani yake. Spiros Argyros na Richard Haydon, mwaka 2011, wakatoa ambayo kila opereta yake ni kuzidisha kwa namba moja kukijumlishwa na opereta kompakti. Nafasi hizi hazikuokotwa. Kila nomu ilisukwa hatua kwa hatua ili izuie jambo moja mahususi. Uthibitisho wake usome polepole, ukijiuliza kila sharti linazuia nini.

6. Chagua swali linaloeleweka leo

Kwa mwanafunzi mwenye subira napendekeza hili: je, kila nafasi ya Banach yenye dimensheni zisizo na mwisho ina nafasi-gawio yenye dimensheni zisizo na mwisho na inayokaribiwa kote na seti inayohesabika? Tangu enzi za Banach na Mazur halijajibiwa kwa ujumla. Kwa nafasi zilizo duali za nafasi nyingine jibu ni ndiyo, na uthibitisho huo ndio wa kuanza kuusoma.