Mkono wa Mwanadamu: Kutoka Bega hadi Kidole Gumba

Mkulima wa Mgeta, katika miteremko ya milima ya Uluguru, hufanya kwa mkono mmoja kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Hunyanyua jembe juu ya kichwa na kulishusha kwa kishindo ardhini. Baadaye, katika tuta lilo hilo, huchukua mche wa kabichi wenye mizizi myembamba kama uzi, akaupanda bila kuuvunja. Kazi ya kwanza yahitaji nguvu, na ya pili yahitaji wepesi. Hata hivyo jembe na mche hushikwa na vidole vile vile.

Makala haya yaeleza jinsi mkono ulivyojengwa hata ukaweza kazi zote mbili. Yaeleza pia jambo linalopasa kujulikana na kila mwalimu na kila mwanafunzi: mkono unapovunjika, habari ya hatari kubwa kuliko zote hupatikana katika vidole, wala si mahali palipovunjika.

MIFUPA 32

Katika Kiswahili neno "mkono" huchukua kiungo chote, tangu bega hadi ncha za vidole. Katika somo la biolojia kiungo hiki hugawanywa sehemu nne: bega, mkono wa juu, ulio kati ya bega na kiwiko, kigasha, kilicho kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na mwisho kiganja pamoja na vidole.

Kila upande una mifupa 32. Begani mna miwili, yaani mtulinga mbele na kombe la bega nyuma. Mkono wa juu una mfupa mmoja, humerasi. Kigasha kina miwili: ulna, ulio upande wa kidole cha mwisho, na radiasi, ulio upande wa kidole gumba. Kifundo kina mifupa midogo 8, kiganja kina 5, na vidole vina 14: mitatu katika kila kidole, isipokuwa kidole gumba chenye miwili. Basi mikono yote miwili ina mifupa 64, karibu theluthi moja ya mifupa 206 ya mtu mzima.

Katika mifupa hiyo yote ni mtulinga peke yake uunganao na mifupa ya kiwiliwili, penye kidari. Kombe la bega halikushikamana na mbavu kwa kiungo chochote cha mfupa. Limeshikwa na misuli tu, nalo huteleza juu ya mgongo. Kwa hiyo mkono umening'inizwa mwilini kuliko kupigiliwa.

BEGA: UHURU NA GHARAMA YAKE

Kiungo cha bega ni cha tufe na kikombe. Kichwa cha humerasi ni tufe, na kikombe chake kimo katika kombe la bega. Lakini kikombe hicho ni kifupi mno, hata tufe limekaa kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo sababu mkono waweza kuelekea mbele, nyuma, juu na pembeni, tena waweza kuzunguka. Uhuru huo una gharama. Katika viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka mara nyingi zaidi. Kinachozuia tufe lisitoke ni misuli minne iliyolizunguka pamoja na kano zake.

Mkulima anyanyuapo jembe hadi juu kabisa, mkono wake hupita pembe ya digrii 180. Kiungo cha bega chenyewe hutoa kama digrii 120 tu. Digrii 60 zilizobaki hutokana na kombe la bega kuzunguka mgongoni. Kwa hiyo mtu ambaye misuli ya kombe lake imepooza hawezi kunyanyua jembe hadi juu kabisa, hata kama kiungo chake cha bega ni kizima.

KIWIKO NA KIGASHA

Kiwiko hukunjuka na kukunjika kama bawaba ya mlango. Musuli wa bisepsi, ulio mbele ya mkono wa juu, hukikunja kwa kusaidiana na mwenzake ulio chini yake. Musuli wa trisepsi, ulio nyuma, hukikunjua. Musuli huweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ndiyo maana misuli hufanya kazi kwa kupokezana: mmoja ukivuta, mwingine hulegea.

Mwanafunzi wa fizikia atatambua hapa wenzo wa aina ya tatu, ambamo jitihada imo kati ya egemeo na mzigo. Tuseme mtu amekunja kiwiko kwa pembe mraba, na kiganjani ameshika ndoo ya kilo 10. Uzito wake ni kama nyutoni 100. Ndoo iko sentimita 35 kutoka kiwikoni, na kano ya bisepsi imeshika radiasi sentimita 5 hivi kutoka kiwikoni. Ikiwa bisepsi peke yake ndiyo inayovuta, na uzito wa kigasha chenyewe ukiachwa, basi:

jitihada × 5 = 100 × 35
jitihada = nyutoni 700

Musuli hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mtu wa kilo 70, ili kuinua ndoo ya kilo 10. Je, huu ni upungufu? La. Musuli ufupikapo sentimita 1, kiganja husogea sentimita 7. Mkono umetoa nguvu ili kupata mwendo na kasi.

Kigasha kina uwezo mwingine. Radiasi huweza kuzunguka juu ya ulna hata mifupa hiyo miwili ikapishana kama mkasi. Kwa njia hiyo kiganja hugeuka kuelekea juu au chini bila bega kusogea. Bila uwezo huo mtu asingeweza kugeuza ufunguo mlangoni, wala kupeleka tonge mdomoni kwa urahisi.

VIDOLE VISIVYO NA MISULI

Ajabu moja ya mkono ni hii: ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo imo katika kigasha, nayo hutuma kano ndefu zipitazo kifundoni hadi mifupani mwa vidole, kama kamba zinazovutwa kutoka mbali. Misuli mingine midogo imo kiganjani. Kama misuli yote mikubwa ingewekwa vidoleni, vidole vingekuwa vinene kama migomba, wala visingeweza kushika mche.

Kwa sababu hiyo jeraha dogo la panga kifundoni laweza kuwa na madhara makubwa. Damu yaweza kukoma na ngozi ikafunga, lakini ikiwa kano imekatwa, kidole hakitakunjika tena mpaka ncha zake ziunganishwe na daktari wa upasuaji. Kila jeraha la kifundo au kiganja lapasa kupimwa kwa kumwambia aliyejeruhiwa akunje na kukunjua kila kidole peke yake.

KIDOLE GUMBA

Wahenga walisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Anatomia yathibitisha usemi huo. Chawa huvunjwa kwa kidole kubanana na kingine, na kidole kinachoweza kuelekeana na vingine vyote vinne ni kimoja tu, nacho ni kidole gumba. Mfupa wake wa kiganjani umekaa juu ya mfupa mdogo wa kifundo kwa kiungo chenye umbo la tandiko. Kiungo hicho hukiwezesha kupita mbele ya kiganja na kukutana na ncha ya kila kidole.

Misitu ya Uluguru yatoa mfano mzuri wa kulinganisha. Humo anaishi mbega, kima mwenye manyoya meusi na meupe. Wanasayansi humwita Colobus, jina lililotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya aliyekatwa kiungo, kwa kuwa kidole gumba chake kimedumaa, kimebaki kama kibonge kidogo. Mbega hakupungukiwa na kitu kwa maisha yake. Vidole vinne virefu humfaa kama ndoana ya kujishikiza matawini. Nyani wa Mikumi, katika mkoa uo huo wa Morogoro, hutafuta chakula chake kingi ardhini, naye ana kidole gumba kinachofaa kuokotea mbegu na majani. Mwanadamu amewapita wote wawili: kidole gumba chake ni kirefu kwa kulinganishwa na vidole vingine, tena kina musuli wake wa pekee katika kigasha wa kukunja ncha yake.

Mwaka 1956 mtaalamu wa anatomia wa Uingereza, John Napier, aligawa mishiko ya mkono katika namna mbili. Mshiko wa nguvu ni ule wa mpini wa jembe: vidole huuzunguka mpini na kuubana kiganjani, kisha kidole gumba huufunga. Mshiko wa usahihi ni ule wa mche: kitu hubanwa kati ya ncha ya kidole gumba na ncha za vidole vingine. Mwaka 1960 watafiti walioongozwa na Louis na Mary Leakey walipata huko Olduvai, Tanzania, mifupa ya mkono yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na laki saba. Ncha za vidole zilikuwa pana kama za mwanadamu wa leo, ingawa vidole vyenyewe vilikuwa vimepinda zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na Napier walikipa kiumbe huyo jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi.

NJIA NYEMBAMBA YA KIWIKONI

Vidole haviwezi kitu bila damu na neva. Damu ya kigasha na kiganja hupita katika ateri moja kubwa mbele ya kiwiko, kabla haijagawanyika kuwa mbili. Neva kubwa zinazofika kiganjani ni tatu. Neva ya radiasi huzunguka nyuma ya humerasi, imeugusa mfupa; nayo huinua kifundo na kukunjua vidole. Neva ya kati hupita mbele ya kiwiko pamoja na ateri. Nayo hukunja kidole gumba na cha shahada. Neva ya ulna hupita nyuma ya kiwiko, chini ya ngozi tu. Nayo hutanua vidole. Ndiyo hiyo inayotoa ganzi kali hadi kidole cha mwisho mtu ajigongapo kiwiko. Ndiyo pia inayoshambuliwa mara nyingi na ukoma, hata vidole viwili vya mwisho vikajikunja kama kucha za ndege. Ukoma hutibika, na kuwahi tiba huokoa mkono.

MKONO ULIOVUNJIKA

Msimu wa maembe huleta ajali zinazojulikana katika kila kijiji. Mtoto huanguka kutoka mtini, akanyosha mkono kujikinga, na humerasi ikavunjika juu kidogo ya kiwiko. Ncha kali ya mfupa huwa karibu sana na ateri na neva ya kati. Hapo mfupa wenyewe si hatari kubwa, kwa kuwa mfupa wa mtoto huunga upesi. Hatari ni damu kukosa njia.

Hatari hiyo huongezeka mkono ukifungwa kwa vijiti na vitambaa vilivyokazwa. Mkono uliovunjika huvimba. Bandeji iliyokuwa sawa asubuhi huwa kitanzi jioni. Misuli ya kigasha ikikosa damu kwa muda wa saa sita hivi huanza kufa, na musuli uliokufa hugeuka kuwa kovu linalovuta vidole vikabaki vimekunjika maisha yote. Daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza ulemavu huo mwaka 1881. Mara nyingi huweza kuzuiwa kwa kuangaliwa mapema.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Vueni pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba.
2. Msiuvute wala msiukande. Uacheni jinsi ulivyo, uungwe mkono kwa ubao au gazeti lililokunjwa, ufungwe kwa kulegea, kisha uning'inizwe shingoni kwa kitambaa ikiwa mtoto aweza kuvumilia.
3. Penye jeraha, funikeni kwa kitambaa safi.
4. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Kutoka vijiji vya juu mlimani safari yaweza kuwa ndefu; kwa hiyo njiani angalieni vidole mara kwa mara.
5. Bonyezeni ukucha mpaka uwe mweupe, kisha mwachie. Wekundu urudi kwa muda wa sekunde mbili. Linganisheni na mkono wa pili.
6. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, hasa mtu anaponyosha vidole vya mtoto taratibu, legezeni kila kilichofungwa papo hapo na mharakishe.

MAJARIBIO YA DARASANI

(a) Wekeni kidole penye ncha ya chini ya kombe la bega la mwenzenu, naye ainue mkono polepole. Ncha yaanza kusogea wakati gani?

(b) Shikeni kigasha kwa mkono wa pili, mkunje vidole kimoja kimoja. Ni wapi misuli inapotutumka?

(c) Kila mwanafunzi asimamishe kidole gumba. Kisha afanye pete kwa kidole gumba na cha shahada. Kisha atanue vidole vyote. Tendo la kwanza lapima neva ya radiasi, la pili neva ya kati, la tatu neva ya ulna. Mtoto mdogo aliyevunjika mkono aweza kupimwa hivyo hivyo, kama mchezo.

(d) Fungeni kidole gumba kando ya kiganja kwa kitambaa laini, kwa kulegea, kisha mjaribu kufunga kifungo cha shati, kuandika na kushika mpini wa jembe. Andikeni ni kazi ipi iliyoharibika zaidi, na mweleze sababu kwa kutumia mishiko miwili ya Napier.

MASWALI

1. Kama kano ya bisepsi ingeshika radiasi sentimita 10 kutoka kiwikoni, jitihada ya kuinua ndoo ile ile ingekuwa nyutoni ngapi? Kiganja kingepoteza nini?

2. Mtu amevunjika humerasi katikati, naye hawezi kuinua kifundo cha mkono. Ni neva ipi iliyoumia, na kwa nini?

3. Mtoto amefungwa mkono nyumbani, naye analia kwa maumivu yanayozidi. Mzazi asema vijiti visiguswe mpaka siku saba. Kwa maarifa ya njia ya damu kiwikoni, mwelezeni mzazi huyo, kwa adabu na kwa maneno mepesi, jambo linalopasa kufanywa sasa hivi.