JIFUNZE KOMPYUTA: Kutafuta neno ndani ya maandishi

Kwa vijana wetu wanaojifunza kuandika programu, leo tunaangalia namna kompyuta inavyotafuta neno ndani ya maandishi. Katika lugha ya Python, amri ni find:

"Dunga, Kisumu".find("Kisumu")

Jibu ni 7. Kompyuta huanza kuhesabu kwa 0, na koma na nafasi huhesabiwa pia. Ukitafuta "Dunga" utapata 0, yaani liko mwanzoni kabisa. Ukitafuta "Ahero" utapata -1, yaani halimo. Hata "kisumu" kwa herufi ndogo ni -1.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, 0 si "hakuna". Programu ya kuchuja maombi ya basari ikikosea hapo, mwanafunzi aliyeanza anwani yake kwa "Dunga" ataachwa nje. Uliza kama jibu ni -1.

Pili, kompyuta hulinganisha herufi tu, maana haijui. "Kisumu".find("sumu") hutoa 2. Anayetafuta malalamiko ya sumu kwenye maji ataletewa kila barua inayotaja Kisumu, na ile ya dharura ifunikwe humo. Soma matokeo kabla ya kuyatumia.