CHETI CHA CHANJO: HAKI YA SERIKALI NA HAKI YA MTU

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Kila tunapowaaga mahujaji wetu tunaulizwa: je, serikali ina haki gani ya kumdai mtu cheti cha chanjo kabla hajasafiri kwenda kufanya ibada? Tangu maradhi ya UVIKO-19 swali hili limezidi. Tulitazame pande zote mbili, inshaAllah.

1. Kwa nini cheti kinadaiwa

Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka wakati wa Hija, na baadhi ya mahujaji wakarudi nayo makwao. Ndipo Saudi Arabia ikaifanya chanjo yake kuwa sharti. Ilipozuka tena mwaka 2000 na 2001 kwa kijidudu cha aina nyingine, ikatakiwa chanjo inayokinga aina nne. Huchomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika, ili mwili upate muda wa kujenga kinga. Mina watu hulala bega kwa bega, kwa hiyo dhara la mmoja huwafikia wengi. Nasi tumefundishwa kutojidhuru na kutowadhuru wenzetu.

2. Serikali nayo ina mipaka

Kwa Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, kwa kawaida msafiri hachanjwi bila ridhaa yake baada ya kuelezwa. Asiyeweza kuchanjwa homa ya manjano kwa sababu ya afya yake, daktari humwandikia maelezo. Na tangu Julai 2016, kadi ya homa ya manjano ni ya maisha. Haifai mtu kukataliwa kwa sababu tu kadi yake imepita miaka 10. Wazazi, lijueni hilo.

Marekani walivutana sana. Mei 2021 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kuwakataza wenye biashara, shule na ofisi za serikali kudai cheti cha chanjo ya UVIKO-19, kwa faini isiyozidi dola 5,000 kila kosa. Tarehe 13 Januari 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa maamuzi mawili siku moja: ilizuia amri ya chanjo au kupimwa kwa wafanyakazi wa makampuni makubwa, ikaruhusu amri ya chanjo kwa wahudumu wa afya. Hapo tunaona kwamba amri hupimwa kwa ukubwa wa hatari na kwa mamlaka ya anayeitoa.

3. Kupinga waziwazi

Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh akasikia kuna tauni Sham. Hakuamua peke yake. Aliwashauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) alimpinga mbele ya watu. Umar hakumwadhibu, bali alimjibu kwa hoja.

Mwaka 1905 mahakama hiyo hiyo ya Marekani ilihukumu kesi ya Henning Jacobson, mchungaji wa kanisa aliyekataa chanjo ya ndui. Alitozwa faini ya dola 5. Alishindwa, lakini mahakama ilisema pia kwamba mamlaka hayo yasitumike ovyo, wala kwa mtu ambaye chanjo ingemdhuru.

4. Lililo baya zaidi

Wako wanaonunua kadi iliyogongwa muhuri bila kuchomwa sindano. Huu si uhuru. Ni ushahidi wa uongo, na anayelala jirani yake hemani hajui kwamba yumo hatarini. Mwenye hofu amwulize daktari; mwenye pingamizi aliseme, naye akubali matokeo yake. Ibada haijengwi juu ya karatasi ya uongo.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini chanjo ya homa ya uti wa mgongo ilifanywa sharti la Hija?
(b) Taja mipaka miwili ya serikali katika kudai vyeti.
(c) Kuna tofauti gani baina ya mwenye kupinga waziwazi na mwenye kununua kadi?

Allah (S.W.) atujaalie ukweli na afya. Wabillahi tawfiq.