Mawe Mawili Mfukoni: Somo kwa Timu Zetu za Voliboli

Katika somo la safari hii tunataka kuzungumza na vijana wetu wa voliboli, makocha wao, na pia wazazi ambao siku ya mechi husimama kando ya uwanja wakipiga kelele kuliko hata wachezaji wenyewe. Kabla ya kuanza, kikundi kisome Kumbukumbu la Torati 25:13-16, halafu 2 Timotheo 2:5.

Mchezo huu si mgeni kanisani. William G. Morgan, aliyeutunga mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani, alikuwa mwalimu wa mazoezi katika YMCA, kile Chama cha Vijana Wakristo. Alitaka mchezo ambao watu hawatagongana, kwa hiyo akaweka neti katikati. Katika soka ukitaka kumwonea mwenzako unamkanyaga mguu, mambo yamekwisha. Katika voliboli neti inakuzuia. Basi mwenye nia mbaya hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupitia ofisini kabla ya kufika uwanjani.

Tueleze. Mashindano ya vijana yana kikomo cha umri. Kocha anaandaa timu ya chini ya miaka 17, lakini yule mchezaji wake hodari, anayeruka mpaka kiwiko kinapita neti, ana miaka 20. Afanye nini? Anatafuta karatasi. Kijana wa namna hiyo tunamwita mamluki. Kila mpenzi wa michezo ya shule za sekondari hapa Kenya analijua neno hilo, maana timu zimewahi kutupwa nje ya mashindano kwa sababu yake.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila tarehe isiyolingana ni uongo. Watoto wengi walizaliwa nyumbani kijijini na wakaandikishwa miaka mingi baadaye, shule ilipodai cheti cha kuzaliwa ili mtoto asajiliwe kwa mtihani. Mama alikumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, na kilichoandikwa ndicho hicho alichokumbuka. Kwa hiyo tusimwite mtoto wa watu mwongo ati kwa sababu ameota ndevu mapema.

Tunayemzungumzia ni yule mwenye tarehe mbili. Moja ni ya kuchukulia kitambulisho cha taifa, ambacho hutolewa mtu akifika miaka 18. Ya pili ni ya kuchezea. Mwezi huu ni mtu mzima, mwezi ujao yuko chini ya miaka 17! Musa aliwakataza Waisraeli kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, kubwa na dogo, kwa sababu mchuuzi alinunua kwa moja na kuuza kwa jingine. Cheti cha pili ni hilo jiwe la pili.

Na hapa jambo linaingia mlangoni mwetu. Anayeandikisha mtoto kwa kuchelewa huombwa karatasi za kuthibitisha, na kadi ya ubatizo imekuwa mojawapo. Ndiyo maana karani wa parokia au katekista anaweza kufikiwa jioni na mtu mwenye heshima zake, amwambie: "Katekista, ni miaka mitatu tu. Tunamsaidia mtoto." Maneno matamu hayo, na huenda anayeyasema ni mfadhili aliyenunua mipira. Msimamo wetu ni kwamba rejesta ya ubatizo isiguswe, hata kama ni timu ya parokia yetu wenyewe. Kanisa likitoa kadi ya uongo kwa ajili ya kombe, siku litakapotoa kadi ya kweli kwa yatima anayedai urithi, nani ataiamini?

Tena huyo "mtoto anayesaidiwa" ni yupi? Hapa Kenya voliboli ni mkate. Msichana akionekana katika timu ya vijana anaweza kupata nafasi katika shule yenye jina, pengine na karo. Baadaye klabu kama Kenya Prisons au Kenya Pipeline zimewapa wachezaji kazi. Kutoka huko wengine wameingia Malkia Strikers, timu ya taifa iliyocheza Olimpiki za Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024. Sasa kila mamluki anapoingia uwanjani, kuna msichana wa miaka 16 wa kweli ameketi kwenye benchi akiwashikia wenzake maji. Hajui kwamba ameibiwa. Wakati wake ukipita, umepita. Yeye ndiye tungependa kikundi kimfikirie kwanza.

Wengine watasema, "Timu zote zinafanya hivyo, sisi tukikataa tutapigwa kila mwaka." Tusidanganyane, kuna miaka mtapigwa. Lakini liko jambo linaloweza kufanyika. Kabla ligi ya mtaa haijaanza, viongozi wa timu zote wakutane, vyeti halisi viwekwe mezani (si nakala, nakala tunazijua) na kila timu ikague vya wenzake. Mwenye lalamiko aseme siku hiyo. Lalamiko linalozaliwa baada ya kushindwa seti ya tatu, hilo hatulithamini sana. Na kocha anayetaka mchezaji wa timu nyingine azungumze na wazazi na kocha mwenzake mchana kweupe, asimvizie mtoto njiani akimwahidi viatu.

Sasa twende uwanjani. Mshambuliaji anapiga mpira kwa nguvu, wewe unaruka kuzuia, mpira unakugusa ncha ya kidole na kwenda nje. Umegusa, pointi ni yao. Hukugusa, ni yenu. Refa wa mtaani ana filimbi tu. Hana kamera, na mshika bendera wake pengine ni ndugu ya mchezaji. Zamani uongo wa hapo mara nyingine ulileta haki ya kuanzisha mpira tu, lakini tangu kanuni zilipobadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kila mpira unaokufa ni pointi. Basi kidole chako kina thamani ya pointi nzima, na anayejua ukweli ni wewe na Mungu.

Kuna watakaocheka na kusema kukiri ni ushamba, kazi ya refa aachiwe refa. Hoja hiyo ina uzito kidogo, maana kanuni zinamtaka mchezaji akubali uamuzi bila ubishi, na nahodha pekee ndiye anayeruhusiwa kuuliza maelezo. Lakini hata wakubwa wa mchezo wameona haitoshi. Mwaka 2023 shirikisho la dunia, FIVB, lilianzisha kadi ya kijani katika Ligi ya Mataifa kwa mchezaji anayekiri mwenyewe kosa ambalo refa hakuliona. Hao ni watu wanaocheza kwa pesa nyingi. Sisi tunacheza kwa nini hasa?

Tumalizie na mashabiki. Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024, lakini bado tunaishi kwa makundi. Elgon View kuna majumba yenye ua na mageti, Langas kuna vyumba vya kupanga. Timu zikikutana, mmoja ana pedi za magoti, mwenzake anacheza na raba zilizotoboka. Kutaniana kupo, na utani wa mtaa kwa mtaa hautusumbui. Linalotusumbua ni pale kelele inapogeuka kuwa lugha ya kabila, mtu akaambiwa arudi kwao. Mji huu umeshasikia neno hilo. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, na nchini kote zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia hizo. Timu ambayo shabiki wake anatamka hivyo isimamishe mchezo yenyewe, nahodha amwendee, asingoje refa. Wale wa Prisons, Pipeline na KCB hushindana vikali kwenye ligi, lakini Tokyo walivaa jezi moja.

Sasa kikundi kijadili. Ni seti ya tano, 14 kwa 14. Mpira umekugusa kidole, refa ameonyesha kwamba haukukugusa, na kocha aliyekulipia nauli anakutazama. Wazazi wajibu kwanza huku vijana wakisikiliza bila kuingilia. Halafu vijana waseme ni mara ngapi wameona wazazi hao hao wakitenda walivyojibu.